Iowa City, mji mdogo wa chuo katikati ya Marekani: maisha yake nje ya darasa (uzi mrefu kidogo)

Kibo_Mashariki:

Wakuu habari za wakati huu. Humu kila wiki watu wanaulizana Dallas kukoje, Minneapolis kukoje, mara Columbus Ohio, na huu mji ninaoishi na familia yangu hata hautajwi, wakati Waswahili tumejaa mpaka taarifa za shule za watoto zinatafsiriwa kwa Kiswahili. Naongelea Iowa City, jimbo la Iowa. Nataka niuelezee kama mji wa watu, maana kila anayeniuliza anauliza ada na skolashipu, akishafika anakaa miaka yote ya masomo anajua njia ya darasani na ya Walmart tu, halafu anarudi nyumbani anasema kule hakuna maisha. Maisha yapo, tena mengi, na sehemu kubwa ni ya bure, ila hayakufuati ndani kwako.

Kwanza ukubwa wake. Sensa ya 2020 ilihesabu watu karibu 75,000, na wanafunzi wa University of Iowa ni kama 30,000, kwa hiyo chuo kikipiga chafya mji mzima unaumwa mafua. Pembeni kuna Coralville na North Liberty, unavuka barabara tu umeshaingia mji mwingine. Kuna na University Heights, kamji kadogo kamezungukwa na Iowa City pande zote lakini kana meya wake na polisi wake. Mto Iowa unapita katikati, chuo kimekaa kingo zote mbili.

Mji ulipimwa 1839 uwe makao makuu ya Iowa, kabla hata Iowa haijawa jimbo. Mwaka 1857 serikali ikahamia Des Moines, lile jengo lenye kuba la dhahabu likaachiwa chuo, linaitwa Old Capitol na bado ndio kitovu cha kila kitu. Miji mingi ikinyang'anywa serikali inabaki magofu, huu ulibaki na chuo na baadae hospitali, na mpaka leo hao wawili ndio waajiri wakubwa. Mfagizi, nesi, dereva, mpishi, profesa, ukiuliza unafanya kazi wapi nusu ya watu watakujibu kule kule.

Sasa kitu ambacho hakuna anayekuambia kabla hujaja: mwaka wa mji huu unaanza Agosti 1. Mikataba ya nyumba karibu yote inaisha mwisho wa Julai na mipya inaanza Agosti 1, maelfu ya watu wanahama wiki moja. Wenye nyumba wengi wanataka uwatolee vitu kabla mwezi haujaisha ili wapake rangi, na kule unakokwenda hufunguliwi mpaka tarehe moja, hapo katikati kuna siku mbili tatu ambazo kisheria huna kwako. Utakuta wanafunzi wamelala kwenye lori la kukodi, vitu vimefunikwa turubai uani kwa rafiki. Na pembezoni mwa barabara za katikati ya mji, hasa zile nyumba za mbao za zamani, kunatapakaa makochi, meza, mafeni, maikroweivu, baiskeli, madawati, wanafunzi wanaacha tu kwa sababu mzazi kaja na gari dogo. Familia za wahamiaji zinajua hii wiki vizuri mno. Meza ninayoandikia hii ilitoka Johnson Street, mbao ngumu kabisa, mguu mmoja tu ulikuwa unacheza. Chukua mbao, chukua chuma, ila magodoro na makochi ya kitambaa waachie, kunguni wa hapa hawana huruma.

Ngoja nile kwanza, nikirudi naendelea na mto na mpira.

dada_Tanga:

Kaka asante, nimepata admisheni kwa ajili ya masters na ninakuja na mtoto wa miaka sita. Kila ninayemuuliza ananiambia huo mji ni walevi watupu na mahindi. Ni kweli?

Kibo_Mashariki:

Dada karibu sana, na hongera. Mahindi yapo kweli, ukitoka nje ya mji dakika kumi unakutana nayo hadi upeo wa macho, yale ya mifugo na mafuta ya gari, sio ya kuchoma. Ulevi nao usifiche, katikati ya mji baa zimepangana. Ila mwaka 2010 halmashauri ilipitisha sheria ndogo, chini ya miaka 21 ikifika saa nne usiku anatoka baa. Wenye baa wakataka ifutwe, ikapelekwa kwenye kura ya wananchi mwaka huohuo, ikapona, 2013 ikapelekwa tena ikapona tena. Wanafunzi wanapiga kura hapa lakini wakazi nao wanapiga, na mzazi anayelea mtoto mtaa wa karibu hakukubali kulala na makelele. Mimi napenda sana hicho kitu, mji mdogo ugomvi wenu mnaumaliza kwenye sanduku la kura na kesho mnakutana dukani.

Kwa mtoto wako: maktaba ya jiji iko palepale katikati kwenye ile sehemu isiyopita magari, wanaita Ped Mall. Kadi ni bure kwa mkazi. Ghorofa ya chini yote kama imejengwa kwa watoto, vitabu, midoli, saa ya hadithi, na wana basi la vitabu linalozunguka mitaani. Nje pale kuna uwanja wa kuchezea, kiangazi muziki wa bure Ijumaa jioni, Juni kuna tamasha la sanaa, Julai la jazi. Kiangazi wanafunzi wengi wameondoka, mji unapumua, ndio wakati wa wenye mji. Kama unaweza ingia mapema Agosti usingojee wiki ya masomo, ili mtoto aione hiyo sura kwanza.

Uvira_Fizi:

Bandugu jambo yenu. Miye niko mu-Congolais, niko hapa na bibi na batoto. Kibo umesema vizuri lakini ongeza hii: batu banafikiri sisi wote ni wakimbizi. Hapana. Wa-Congolais wengi wa Iowa City na Coralville walishinda loterie ya green card, walikuja na visa, na diplome mukononi. Kuko madaktari, kuko ba-ingénieur, kuko ba-avocat. Yule wa kwanza alifika, akaandikia ndugu yake, ndugu akaandikia shemeji, sasa tuko wengi, kuko makanisa yenye kuimba Lingala saa mbili na Kiswahili saa nne, Jumapili moja.

Shida ni kazi. Diplome ya Kinshasa ao Bukavu hapa ni karatasi. Miye nilikuwa mwalimu wa hisabati kwetu. Huku nilianza usiku, kukata nyama, saa kumi jioni kwenda, saa nane ya usiku kurudi, mutu ananiita kwa namba. Batu banaenda West Liberty kwa dindon (batamzinga), banaenda Columbus Junction kwa nguruwe, banaenda Cedar Rapids ku ma-entrepôt (maghala), gari moja batu watano kila mutu anatoa ya esanzi. Kizungu ndiyo mulango. Kirkwood, college ya jamii, ilikuwa na campus hapa Iowa City, balikuwa banafundisha Kizungu cha wageni, niliingia asubuhi nikitoka kazi bila kulala. Sasa niko msaidizi mu shule, ninasaidia batoto benye kufika bila kujua hata "good morning". Mushahara ni mudogo kuliko nyama. Lakini banajua jina yangu.

Kibo_Mashariki:

Kaka Uvira, hiyo ya mwisho imenigusa sana. Na wasomaji walioko nyumbani waisome mara mbili kabla hawajauza kiwanja.

Kwenye mshahara niongeze. Mwaka 2015 kaunti hii ya Johnson ilipitisha kima chake cha chini kipande kwa awamu mpaka dola 10.10, wakati sheria ya nchi na jimbo ni 7.25. Kikapanda kweli, watu wakaanza kulipwa. Mwaka 2017 bunge la jimbo kule Des Moines likatunga sheria kwamba hakuna kaunti wala jiji linaloruhusiwa kuzidi kima cha jimbo, ikafa palepale. Kilichofuata ndio kinachonifanya niupende huu mji: wafanyakazi wengi wao wahamiaji walikuwa wameshaunda kituo chao tangu 2012, Center for Worker Justice, wakatembea duka kwa duka kuwaomba wenye biashara waendelee kuheshimu 10.10 kwa hiari, na wengi wakabandika karatasi mlangoni kwamba wanaheshimu. Mmoja wa waliokuwa kwenye harakati hizo, Mazahir Salih, mama mhamiaji kutoka Sudan, mwaka huohuo 2017 akagombea udiwani wa jiji akashinda. Nani huku kwetu angetegemea? Hawakumpigia Wasudani peke yao, hawatoshi.

mwana_wa_Ngong:

Mimi niko Ames, masaa mawili hivi kutoka kwenu, chuo cha Iowa State, kwa hivyo kwa mpira sisi ni maadui. Lakini kusema ukweli ile kitu mnafanya Kinnick na wale watoto wa hospitali, hata sisi tukikuja na jezi zetu tunafanya. Waambie wasee hawaijui.

Kibo_Mashariki:

Nilikuwa naielekea. Wakuu, mpira wa hapa ni ule wa kushika mikononi, timu ya chuo inaitwa Hawkeyes, uwanja Kinnick, unaingiza watu zaidi ya 69,000. Linganisha na idadi ya watu niliyowapa juu. Jumamosi sita saba za msimu wa vuli, mji unaongezeka mara mbili. Wenye nyumba kando ya Melrose Avenue wanageuza bustani zao kuwa maegesho, bibi wa miaka themanini anakaa kwenye kiti cha kukunja anaelekeza magari kwa mkono, moshi wa nyama kila kona kuanzia alfajiri. Kama huna shughuli na mpira siku hiyo usipange kwenda hospitali wala kuhama nyumba.

Mkabala kabisa na uwanja, ng'ambo ya barabara, kuna hospitali ya watoto, jengo refu la vioo lililofunguliwa 2017. Ghorofa ya juu wameiacha wazi ili watoto waliolazwa na wazazi wao waone mechi. Msimu wa kwanza tu shabiki mmoja akatoa wazo mtandaoni kwamba robo ya kwanza ikiisha watu wote wageuke wawapungie mkono. Wakafanya. Mpaka leo wanafanya kila mechi ya nyumbani. Nimesimama pale: filimbi inalia, wachezaji wanaacha, waamuzi wanaacha, mashabiki wa timu pinzani na wao wanageuka, watu 69,000 mikono juu wanaangalia vioo, na kule juu unaona vichwa vidogo vidogo, mwingine kainuliwa na baba yake na mpira wa dripu unaning'inia pembeni, anapunga. Inachukua dakika moja hivi halafu mechi inaendelea. Mechi ikiwa ya usiku watu wanawasha taa za simu ndio wanapunga nazo. Mtoto wa jamaa tunaesali nae alilazwa pale vuli moja, mama yake alisema wiki nzima mtoto alikuwa anakunywa dawa bila ubishi kwa sababu Jumamosi "watu wangu wanakuja".

mwana_wa_Ngong:

Aki umenitoa machozi na niko kwa basi.

Mzee wa Mwanza:

Mleta uzi vizuri. Nilisikia huo mji ulizama na mafuriko. Sisi watu wa ziwani tunauliza hayo kwanza.

Kibo_Mashariki:

Mzee shikamoo. Ulizama kweli Juni 2008. Juu ya mto kuna bwawa la Coralville lililojengwa na kikosi cha wahandisi wa jeshi kuzuia hayo hayo, lakini theluji na mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi, maji yakapita juu ya ukingo wa bwawa wa kumwagia maji ya ziada, kitu kilichokuwa kimetokea mara moja tu kabla, 1993. Mto ukafika kilele Juni 15, futi 31 na nusu. Majengo kama ishirini ya chuo yaliingia maji, hasa upande wa sanaa na muziki, ukumbi mkubwa wa Hancher ukaharibika moja kwa moja, mpya umekuja kufunguliwa 2016 pale juu kidogo mbali na maji.

Waliokuwepo wanasimulia kama vile jana. Chuo kilikuwa kimeshafunga, wanafunzi wachache, kwa hiyo waliojaza mifuko ya mchanga ni wakazi, wafungwa, walimu, watoto wa sekondari. Maktaba kuu ya chuo stoo yake iko chini ya ardhi, watu wakasimama mstari kwenye ngazi, kitabu kinapita mkono kwa mkono mpaka ghorofa za juu, wanatoka jasho masaa na masaa. Baada ya maji kushuka, mtaa mmoja wa bondeni kando ya mto jiji lilinunua nyumba nyingi likazibomoa, leo ni nyasi na njia ya baiskeli, ukitembea unaona miti ya uani imesimama kwa mstari na nyumba hakuna. Mzee ukija kupanga, uliza kwanza kama nyumba iko kwenye ramani ya mafuriko.

Zuwena.K:

Mimi nachangia upande wa vitabu maana naona wanaume mmeshikilia mpira na maji 😄 Iowa City ni Mji wa Fasihi wa UNESCO tangu 2008, wa tatu duniani baada ya Edinburgh na Melbourne. Wana shule ya uandishi tangu 1936, Writers' Workshop, na tangu 1967 kuna mpango wa kuleta waandishi wa nchi zote, wanakaa vuli nzima, wengi kutoka Afrika. Wanasoma kazi zao mbele ya watu na hakuna kiingilio! Pale Prairie Lights, duka la vitabu la tangu 1978, unapanda ngazi unakaa, anayesoma leo unamkuta mwakani kashinda tuzo. Nilienda siku ya theluji tukawa watu wachache tu, mwandishi akashuka jukwaani akakaa nasi kwenye viti.

Na msisahau James Alan McPherson. Mtu mweusi wa kwanza kushinda Pulitzer ya hadithi, 1978, akafundisha hapa miaka mingi. Mwaka 2021 jiji likaipa bustani moja ya mtaani jina lake. Bustani ya kawaida tu, bembea na uwanja wa kikapu, watoto wetu wanacheza pale. Napenda kwamba hawakumjengea sanamu mbali, wamempa pale watoto wanapokimbia.

dada_Tanga:

Mmenitia moyo sana jamani. Maswali ya mama sasa: chakula? Usafiri? Baridi? Sina gari na sitakuwa nalo mwanzoni.

Uvira_Fizi:

Dada, kwa mboga usiogope. Kaunti iko na shamba ya zamani sana, Poor Farm, kabla batu maskini ndiyo balikuwa banakaa pale banalima, sasa banapatia wahamiaji vipande. Bamama ba kwetu banalima lengalenga (mchicha), biringanya, pilipili, maharagwe ya majani. Sombe (kisamvu) ya congelé, ile ya barafu, utapata ku duka za Waafrika. Unga wa mahindi uko, uko na bei kuliko kwetu lakini uko.

Kibo_Mashariki:

Na Jumamosi asubuhi kuanzia Mei mpaka Oktoba kuna soko la wakulima, liko ndani ya jengo la maegesho la Chauncey Swan karibu na manispaa, kwa hiyo mvua haikupati. Nenda mapema saa moja na nusu wanapofungua. Mama mmoja ananiwekea matembele bila kuambiwa siku hizi.

Usafiri dada umebahatika: tangu Agosti 2023 mabasi ya jiji la Iowa City hayalipwi. Unapanda, unasalimia, unakaa. Chuo nacho kina mabasi yake, Cambus, nayo bure kwa yeyote, na madereva ni wanafunzi wenyewe, kazi nzuri hiyo ukitaka kibarua. Shida ni usiku. Kaka Uvira alivyosema watu wanatoka shifti saa nane usiku, basi hakuna, ndio maana ya yale magari ya watu watano. Hili nalisema kila nikipata nafasi kwenye vikao vya halmashauri, mwananchi yeyote anapewa dakika zake aongee, na nawaomba Waswahili wenzangu tujae pale badala ya kulalamika kwenye magrupu ya Whatsapp.

Baridi nisikudanganye. Mwisho wa Januari 2019 ilishuka chini ya nyuzi 30 chini ya sifuri, shule zilifungwa, hata posta hawakupeleka barua. Miaka mingi haifiki huko lakini Januari mtoto anatakiwa buti, suruali ya theluji na glavu za kidole kimoja, zile za vidole vitano hazisaidii kitu. Makanisa na shule wanagawa makoti Oktoba, chukua, usione haya, hata wenyeji wanachukua. Halafu kuna sheria: theluji ikishaacha kuanguka, njia ya miguu mbele ya nyumba inatakiwa isafishwe ndani ya masaa 24, la sivyo jiji linasafisha na kumpelekea bili mwenye nyumba. Soma mkataba wako, wengine wanamrushia mpangaji hiyo kazi. Koleo nunua Oktoba, ikishadondoka ya kwanza madukani zimeisha.

dada_Tanga:

Na nyumba, nitafute mtaa gani? Nimeona moja Coralville bei nzuri, mwenye nyumba anataka nisaini wiki hii.

Kibo_Mashariki:

Usisaini wiki hii. Mabasi ya Coralville ni ya mji ule, ratiba nyingine, na mtoto shule yake inafuata mtaa mnaolala. Nitumie anwani inbox, Jumamosi baada ya soko naenda na mke wangu tunaiangalia, tunasimama kituoni tuone basi linapita saa ngapi na linafika chuoni saa ngapi, tunakupigia video uone mpaka chini ya sinki. Kama ni nzuri unasaini Jumatatu.

Uvira_Fizi:

Miye niko hapo hapo Coralville. Kibo, pita unichukue, ninajua yule mwenye nyumba wa upande ule.